Gesi ya Ziwa Kivu: Kuitoa si kazi ngumu, swali ni maji yarudishwe wapi

Katika mji wa Goma na vitongoji vyake, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna neno ambalo kila mtoto hulijua mapema: mazuku. Wakazi hulieleza kuwa ni upepo mbaya unaoua usiku. Mbuzi aliyeshuka bondeni alfajiri hukutwa amekufa bila jeraha. Mtu aliyeingia katika shimo la mawe ya volkano huanguka na asiinuke tena. Si uchawi wala sumu ya nyoka. Ni gesi ya kabonidayoksaidi, maarufu kama hewa ukaa, inayotoka ardhini na kutuama mahali pa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida.

Gesi hiyo hiyo imejaa pia katika maji ya Ziwa Kivu, linalozitenganisha Kongo na Rwanda. Humo haiko peke yake. Imechanganyika na methani, gesi inayowaka, ambayo Rwanda imeanza kuichoma ili kupata umeme. Hivyo ziwa moja limebeba mambo mawili: nishati ambayo nchi hizo mbili zinaihitaji mno, na hatari kwa takriban watu milioni mbili wanaoishi kandokando yake.

Kinachoamua lipi kati ya hayo mawili litatangulia ni taaluma isiyosikika sana katika habari za kila siku: uhandisi kemikali. Makala hii inaeleza jinsi gesi ilivyofika ziwani, jinsi inavyotolewa, na kwa nini mjadala mkubwa wa wataalamu hauhusu namna ya kuipata, bali mahali pa kuyarudisha maji yaliyokwisha kutolewa gesi.

Ziwa lisilochanganyika

Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, katika Bonde la Ufa la magharibi. Lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300 na kina chake kikubwa kabisa ni mita 485. Maji yake hutoka kusini kwa Mto Ruzizi, ambao huyapeleka hadi Ziwa Tanganyika, linalogusa Burundi, Tanzania na Zambia pamoja na Kongo yenyewe.

Katika maziwa mengi, upepo na mabadiliko ya joto huyachanganya maji ya juu na ya chini angalau mara moja kwa mwaka. Gesi iliyo chini hupata nafasi ya kupanda na kutoweka hewani kidogo kidogo. Kivu halifanyi hivyo. Chemchemi zilizo chini ya ziwa huingiza maji yenye chumvi na madini mengi, na maji hayo, kwa kuwa ni mazito, hubaki chini. Maji mepesi ya mvua na mito huelea juu yake. Matokeo yake ni ziwa lililopangika kwa matabaka, mithili ya mafuta yanayoelea juu ya maji kwenye chupa, ijapokuwa hapa tofauti ya uzito kati ya tabaka moja na jingine ni ndogo sana.

Oksijeni huishia takriban mita 60 kutoka juu. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Kwenye kina cha karibu mita 260 kuna mpaka ulio mkali kuliko yote: ndani ya mita chache tu, chumvi na gesi huongezeka kwa ghafla. Wataalamu huuchukulia mpaka huo kama kifuniko cha chungu. Ukiendelea kuwepo, gesi iliyo chini yake hukaa mahali pake. Ukidhoofika, ulinzi wa ziwa hudhoofika pamoja nao.

Hewa ukaa iliyomo hutokana kwa sehemu kubwa na volkano za eneo hilo. Methani hutengenezwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, ambavyo hutumia hewa ukaa hiyo pamoja na mabaki ya mimea na viumbe yaliyozama. Kazi hiyo imeendelea kwa mamia ya miaka. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na watafiti, ziwa lina takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikipimwa kama gesi huru kwenye shinikizo la kawaida la hewa.

Kuwepo kwa gesi si habari mpya. Watafiti wa Kibelgiji waliigundua katikati ya miaka ya 1930. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Marekani na Ujerumani waliipima kwa kina zaidi, na vipimo vya Ujerumani vya mwaka 1974 na 1975 viliendelea kuwa msingi wa hesabu zote kwa muda mrefu.

Usiku wa Nyos

Hofu inayolizunguka ziwa hili ilipata sura yake nchini Kamerun. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, ziwa dogo lisilofikia hata kilomita mbili za mraba, lilitoa ghafla wingu kubwa la hewa ukaa. Wingu hilo liliteremka mabondeni na kuwafikia watu waliolala hadi umbali wa kilomita zipatazo 25. Takriban watu 1,700 walikufa pamoja na maelfu ya mifugo. Miaka miwili kabla, Agosti 1984, Ziwa Monoun, katika nchi hiyo hiyo, lilikuwa limeua watu 37 kwa namna iyo hiyo, lakini wakati huo chanzo hakikueleweka mara moja.

Kilichotokea kinaeleweka kwa urahisi kwa yeyote aliyewahi kufungua chupa ya soda iliyotikiswa. Gesi humumunyika ndani ya maji kwa kadiri ya shinikizo linaloikandamiza. Kanuni hii ilielezwa na mwanakemia Mwingereza William Henry mwaka 1803, na bado hufundishwa kwa jina lake. Kizibo kikiwa kimefungwa, gesi hutulia. Kizibo kikitoka, shinikizo hushuka na mapovu hutokea. Ziwani, kizibo ni uzito wa maji yenyewe: kila mita 10 za kina huongeza shinikizo linalokaribia lile la hewa yote iliyo juu yetu. Endapo maji ya chini yenye gesi nyingi yatasukumwa juu kwa sababu yoyote, shinikizo litapungua, mapovu yataanza, na mapovu hayo yatayavuta maji mengine nyuma yake. Mwendo huo ukishaanza, hujiendesha wenyewe.

Kivu lina eneo linaloizidi Nyos zaidi ya mara elfu moja, na kingo zake zimejaa miji: Goma na Bukavu upande wa Kongo, Rubavu, Karongi na Rusizi upande wa Rwanda. Hata hivyo kuna tofauti muhimu. Vipimo vinaonyesha kuwa katika vilindi vya Kivu, shinikizo la gesi zote kwa pamoja linafikia takriban nusu tu ya kiwango kinachohitajika ili mapovu yaanze yenyewe. Kwa maneno mengine, chupa haijajaa. Ingehitajika nguvu kubwa sana ya kuyainua maji ya chini kwa makumi mengi ya mita kabla mlipuko haujatokea.

Volkano ya Nyiragongo imelijaribu ziwa mara mbili katika karne hii. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa matabaka ya chini hayakuvurugika. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo ulilipuka tena na kuua takriban watu 30. Siku tano baadaye mamlaka za kijeshi za mkoa ziliamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe, kwa kuwa ilionekana miamba iliyoyeyuka inasonga chini ya mji na chini ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Sake, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda. Ziwa lilitulia. Lakini kwa siku chache, neno gesi lilikuwa midomoni mwa watu wote.

Somo la idara ya uhandisi kemikali

Uhandisi kemikali haukuzaliwa Afrika ya Kati. Kozi ya kwanza ya shahada kwa jina hilo ilianza mwaka 1888 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), nchini Marekani. Mwaka 1915 mhandisi Arthur D. Little alitoa hoja iliyoipa fani hiyo uti wa mgongo: kwamba viwanda vyote, viwe vya sukari, mafuta, dawa au karatasi, vimejengwa kwa shughuli chache zinazojirudia, kama vile kuchuja, kukausha, kukausha kwa mvuke, na kutenganisha gesi na kimiminika. Mwanafunzi anayezielewa shughuli hizo anaweza kuingia kiwanda asichowahi kukiona na bado akakielewa.

Leo fani hii hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, na kwingineko katika ukanda huu. Katika idara za namna hiyo, mwanafunzi hukutana na kanuni ya Henry, minara ya kuoshea gesi, na hesabu ya vitu vinavyoingia na kutoka. Kwa kawaida mifano ya vitabuni hutoka kwenye viwanda vya mafuta vya Ulaya na Marekani. Ziwa Kivu ni mfano ulio karibu zaidi na nyumbani, na masomo hayo yote matatu yamo ndani yake.

Somo la kwanza ni kutenganisha. Mtambo wa Kivu huanza na bomba refu lililoning'inizwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea. Katika mtambo wa KivuWatt, ulio mbali kidogo na mwambao wa Karongi nchini Rwanda, bomba hufika kina cha takriban mita 350. Pampu huhitajika mwanzoni tu. Maji yakianza kupanda, shinikizo hupungua, mapovu hutokea ndani ya bomba, na mchanganyiko wa maji na mapovu, kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji ya nje, hupanda wenyewe. Yaani nguvu ile ile iliyoua Nyos hapa imefungwa ndani ya bomba na kufanyishwa kazi. Wahandisi wa Ufaransa walitumia mbinu hiyo hiyo kulipunguzia Ziwa Nyos gesi kuanzia mwaka 2001.

Karibu na uso wa ziwa, lakini bado chini ya maji, kuna chombo cha kutenganishia. Humo mapovu hukusanywa upande mmoja na maji huelekezwa upande mwingine. Kina cha chombo hicho huchaguliwa kwa uangalifu. Kikiwekwa juu sana, hewa ukaa nyingi hutoka pamoja na methani. Kikiwekwa chini sana, methani nyingi hubaki majini na kupotea.

Somo la pili ni kuosha. Gesi inayotoka hapo haifai bado kuingia kwenye injini, kwani sehemu kubwa yake ni hewa ukaa, ambayo haiwaki. Imo pia haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, inayoua ikivutwa kwa wingi na kula vyuma. Suluhisho ni la kale katika fani hii: gesi hupitishwa kwenye mnara huku maji safi ya juu ya ziwa yakimwagika kutoka juu yake. Hewa ukaa humumunyika katika maji zaidi ya mara 20 kuliko methani. Maji huinyakua na kuondoka nayo, na gesi inayofika kileleni mwa mnara ni methani kwa sehemu kubwa. Gesi hiyo husafirishwa kwa bomba hadi ufukweni, ambako injini huichoma na kuzalisha umeme.

Somo la tatu, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni hesabu ya vitu. Kanuni yake ni fupi: kinachoingia lazima kitoke, au kibaki. Hakuna kinachopotea.

Hesabu ya ndoo kwa ndoo

KivuWatt, uliozinduliwa rasmi Mei 2016, una uwezo wa megawati 26. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na mabwawa makubwa ya kanda, lakini kwa Rwanda ni sehemu ya maana ya gridi yake.

Kila mita moja ya ujazo ya maji ya kina hicho hubeba takriban mita 0.4 za ujazo za methani, na kama mita mbili za hewa ukaa. Mita moja ya ujazo ya methani ikiungua hutoa joto la karibu megajuli 36. Injini nzuri hugeuza kama asilimia 40 ya joto hilo kuwa umeme. Kwa hesabu nyepesi, megawati 26 zinahitaji takriban mita 1.8 za ujazo za methani kila sekunde. Ili kuipata methani hiyo, hata kama isingepotea hata chembe, ni lazima kuinua mita 4.5 za ujazo za maji kila sekunde, yaani karibu mita 390,000 kwa siku. Kwa kuwa upotevu hauepukiki, kiasi halisi ni kikubwa zaidi.

Maji hayo yote, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, lazima yarudi mahali fulani. Hapo ndipo penye swali.

Iwapo yatamwagwa juu, maji hayo hayatakuwa na gesi nyingi, lakini yatakuwa bado na chumvi, haidrojeni salfaidi, na virutubisho vya fosforasi na amonia vilivyojikusanya kwa karne nyingi. Mwani utastawi, oksijeni itapungua, na samaki wataathirika. Isitoshe, maji ya juu yataongezeka chumvi na kuwa mazito, na tofauti ya uzito kati ya juu na chini, ile inayolishikilia ziwa lote, itapungua.

Iwapo yatarudishwa chini kabisa, alikotoka, matabaka ya juu yatalindwa. Lakini maji yasiyo na gesi yatachanganyika na yale yenye gesi, nayo hazina yenyewe itakuwa ikizimuliwa, kama mtu anayeongeza maji kwenye maziwa ya kuuza. Mtambo utalazimika kuvuta maji mengi zaidi ili kupata gesi ile ile.

Njia ya tatu ni katikati. KivuWatt hurudisha maji yake katika kina cha takriban mita 240, juu kidogo ya ule mpaka mkuu. Wanaoitetea njia hiyo husema hazina iliyo chini inabaki bila kuzimuliwa, huku eneo la viumbe likiwa mbali juu. Wanaoipinga husema kwamba kwa miongo kadhaa maji ya chini yatapungua, maji mazito yataongezeka juu ya mpaka, na kifuniko kitakuwa kinashuka na kulegea taratibu. Hakuna upande unaodai kwamba hatari ni ya kesho. Mjadala ni kuhusu hali ya ziwa baada ya miaka 50 ya uchimbaji, pale mitambo itakapokuwa mingi.

Si kila aliyepiga hesabu hizi amepata jibu moja, na hilo ni jambo la kawaida katika uhandisi. Linalotofautisha Kivu na kiwanda ni kwamba kiwanda kikikosewa husimamishwa na kurekebishwa. Ziwa halina swichi.

Mitambo inaongezeka

Uchimbaji wenyewe haukuanza na KivuWatt. Tangu mwaka 1963 kulikuwa na mtambo mdogo karibu na Gisenyi, mji ambao leo ni makao ya wilaya ya Rubavu, uliotoa gesi kwa ajili ya kupasha joto matangi ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kwa miongo minne huo ndio uliokuwa ushahidi pekee kwamba gesi ya Kivu inaweza kutumika. Baadaye ukafuata mtambo wa majaribio wa umeme, kisha KivuWatt, na sasa mradi wa Shema Power, pia katika wilaya ya Rubavu, uliobuniwa kwa megawati 56, zaidi ya mara mbili ya mtangulizi wake.

Upande wa Kongo, serikali ilitangaza Julai 2022 mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi. Vitalu hivyo vitatu vyote vimo Ziwa Kivu. Vita na kuhama kwa watu mashariki mwa nchi hiyo vimeufanya mpango wowote mkubwa kuwa mgumu, lakini nia ya Kinshasa haijafichwa: gesi ni ya nchi mbili, na Kongo inataka sehemu yake. Hilo nalo lina historia. Tangu mwaka 1975 Rwanda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire zilikubaliana kwamba gesi hiyo ni mali ya pamoja na kwamba ziitumie kwa ushirikiano.

Mwaka 2009 jopo la wataalamu wa kimataifa liliandaa kanuni za uchimbaji kwa ajili ya serikali zote mbili. Mpangilio wake unafaa kusomwa kwa makini. Usalama wa watu na uthabiti wa matabaka umewekwa mbele. Uhai wa maji ya juu ukafuata. Faida ya gesi ikaja baada ya hayo. Kampuni haipaswi kuchagua kina cha kurudishia maji kwa kuangalia gharama za bomba peke yake.

Kanuni, hata hivyo, huhitaji mtu wa kupima. Rwanda ina programu maalumu ya kulifuatilia ziwa. Goma ina kituo cha uchunguzi wa volkano. Kusini, watafiti wa Bukavu wamelichunguza ziwa kwa miaka mingi, hasa viumbe wake. Lakini bomba la Karongi na bomba litakalowekwa siku moja upande wa Goma yatavuta kutoka chungu kimoja. Maji hayajui mpaka. Kosa la upande mmoja litaonekana pia kwenye vipimo vya upande wa pili.

Vipimo vilipokosana

Kisa kimoja kinaonyesha kwa nini kupima ni kazi isiyo na mwisho. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba methani ya Kivu ilikuwa imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika muda wa miaka 30. Iwapo ingekuwa kweli, ziwa lingekuwa linajaa kwa kasi ndani ya umri wa mtoto mmoja, na uchimbaji ungekuwa si biashara tu bali ni uokoaji.

Mwaka 2018 timu za nchi kadhaa zilikutana ziwani na kupima kwa vifaa tofauti, kila moja kwa njia yake, ili kulinganisha. Shida ya kupima gesi ya kina kirefu ni ile ile ya soda: sampuli ikivutwa juu, gesi huanza kutoka kabla haijafika mkononi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba viwango vinakaribiana na vile vya miaka ya 1970. Ongezeko lililohofiwa halikuonekana. Ziwa liko karibu na hali ya mizani: methani inayotengenezwa na ile inayotoweka polepole kwenda juu zinakaribia kulingana.

Habari hiyo ni njema, na pia inabadilisha hoja. Kama ziwa halijai, basi hakuna haraka inayohalalisha kuchimba ovyo. Na kama gesi haiongezeki kwa kasi, basi hazina iliyopo si chemchemi isiyokauka, na kila tone la gesi linalopotea kwa mtambo mbovu limepotea kweli. Uchimbaji uliofanywa vizuri unaweza kupunguza hatari, kwa sababu gesi iliyokwisha kuchomwa haiwezi tena kulipuka. Uliofanywa vibaya unaweza kuidhoofisha kinga ambayo ziwa lilijijengea lenyewe.

Wanaoishi juu ya kifuniko

Kila jioni wavuvi wa Kivu hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka, kwenda kutafuta sambaza. Samaki hao wadogo, ndugu wa dagaa wanaojulikana Kigoma, hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo ni kitoweo na kipato cha kaya nyingi pande zote mbili za mpaka. Wanaishi katika mita 60 za juu, sehemu pekee yenye oksijeni.

Kwa mvuvi huyo, mjadala kuhusu mita 240 au 260 hauonekani kuwa na uhusiano na nyavu zake. Uhusiano upo. Iwapo maji ya vilindi yatafika juu kidogo kidogo, atauona kwanza yeye: rangi ya maji itabadilika, na sambaza watapungua, kabla kipimo chochote cha maabara hakijatangazwa redioni.

Umeme wa gesi hiyo tayari unawasha taa za Rwanda, nchi ambayo kwa muda mrefu iliagiza mafuta ya dizeli kwa malori ili kuendesha majenereta. Goma nayo inahitaji umeme vivyo hivyo. Gesi ipo, teknolojia ipo, na bomba likishashushwa maji hupanda yenyewe. Kinachohitaji kulindwa ni uamuzi wa mahali maji hayo yanaporudi, na watu wenye elimu ya kuusimamia uamuzi huo kila siku kwa nusu karne ijayo, pande zote mbili za ziwa.